Asilimia moja ya Palcacocha: namba ndogo, swali dogo, na mji mzima chini yake

Mei 28, 2025 mahakama ya rufaa ya Hamm kule Ujerumani ilitupa kesi ya Saúl Luciano Lliuya, mkulima na muongoza wapanda mlima wa Huaraz, Peru, ambaye tangu 2015 alikuwa anaidai kampuni ya umeme ya RWE ichangie 0.47% ya gharama za kuulinda mji wake dhidi ya ziwa Palcacocha lililo juu yake, kwa hoja kwamba hewa chafu ya kampuni hiyo imechangia joto linaloyeyusha barafu ya mlimani. Hukumu ilipotoka watu wakagawanyika kama kawaida. Wa kwanza wakasema si mnaona, mtaalamu wa mahakama kapima na kakuta uwezekano wa mafuriko kufika kwenye nyumba ya jamaa ni kama 1% tu kwa miaka 30, kwa hiyo ziwa halina shida na kelele zote zilikuwa siasa za tabianchi. Wa pili wakasema majaji wa Ulaya hawajui milima, wamedanganywa na mhandisi, ziwa litapasuka tu. Wengine wakashika kile kipande kingine cha hukumu, kwamba kimsingi wachafuzi wakubwa wanaweza kudaiwa, na hicho kweli ni kikubwa ila sio mada yangu leo. Mada yangu ni hiyo 1%, maana naona kambi zote mbili zimeisoma vibaya. Ile ni namba sahihi ya swali dogo sana. Swali lilikuwa je, maji yatafika kwenye nyumba ya huyu mtu mmoja na nguvu ya kuidhuru. Swali la mji wa Huaraz ni lingine kabisa, na mtu anayechukua jibu la lile la kwanza akalibandika kwenye la pili anafanya kosa ambalo linafanywa kila mwaka Nepal, India, Pakistan na kwingineko penye maziwa ya namna hii.

Kwanza tuwekane sawa ziwa la aina hii ni nini. Mto wa barafu unaposhuka mlimani unasukuma mawe, changarawe na tope mbele yake na pembeni, halafu hali ya hewa ikipata joto barafu inarudi nyuma, lile lundo linabaki limesimama kama ukuta, wataalamu wanaliita moreni. Nyuma ya ukuta maji ya barafu inayoyeyuka yanajaa. Kwa hiyo una bwawa ambalo hakuna mhandisi aliyelichora, halina mlango wa kumwagia maji, ndani ya ukuta wakati mwingine kuna mabonge ya barafu yaliyofukiwa ambayo nayo yanayeyuka taratibu, na juu ya maji kuna miamba mikali na barafu inayoning'inia. Mara nyingi ukuta hauanguki wenyewe. Kinachotokea ni kitu kinadondoka ndani, pande la barafu au mwamba au ubavu wa moreni yenyewe, na hapo ni sawa na kutupa tofali kwenye ndoo iliyojaa, wimbi linaruka ukingo, linaanza kuchimba ukuta, na ukishachimbwa kidogo maji yanaongezeka kasi yanachimba zaidi, basi ndani ya muda mfupi bwawa limekwisha. Njiani yanabeba mawe na matope mpaka kinachofika chini sio maji tena. Kuna aina nyingine pia, maziwa yanayozuiwa na barafu yenyewe, hayo yana tabia tofauti na nitayagusa baadaye, maana yanachanganywa sana na haya.

Palcacocha tayari limeshafanya hivyo. Desemba 13, 1941 lilipasuka asubuhi, likaufagia karibu theluthi moja ya Huaraz, na makadirio ya waliokufa yanaanzia kama 1,800 mpaka zaidi ya 5,000. Ziwa lilibaki na maji kidogo tu, kama mita za ujazo nusu milioni. Sasa barafu ikaendelea kurudi nyuma, bakuli likapanuka, na leo kuna takriban milioni 17. Peru baada ya 1941 haikukaa kimya, na hili watu wa nje hawalijui: miaka ya 1950 serikali iliunda tume maalum ya kudhibiti maziwa ya Cordillera Blanca, safu ya milima iliyo juu ya Huaraz, wahandisi wakapanda kule juu wakakata mifereji, wakachimba mahandaki, wakajenga kuta, na zaidi ya maziwa 30 yameshughulikiwa tangu hapo. Palcacocha lenyewe lina kuta za miaka ya 1970, tangu 2011 lina mabomba ya kunyonya maji kulipunguza, na kuna walinzi wanaokaa kule juu wakiripoti kwa redio. Kwa hiyo anayesema watu wa Huaraz wanasubiri kufa naye ametia chumvi.

Turudi kwenye namba. 1% kwa miaka 30, ukiigawa vizuri, ni kama tukio moja kwa miaka 3,000. Ukilisikia hivyo unaweza kulala usingizi, si ndio? Lakini angalia watu wanaojenga mabwawa makubwa juu ya miji wanatumia kipimo gani. Nchi nyingi zinataka bwawa kubwa lenye watu chini yake lihimili mafuriko ya mara moja kwa miaka 10,000. Yaani kama mhandisi angekuja na mchoro wa bwawa la kujengwa juu ya mji akasema lina nafasi ya kuvunjika mara moja kwa miaka 3,000, asingepewa kibali. Kitu kinachokataliwa kikijengwa na binadamu kinaitwa salama kikijengwa na barafu, na sababu ni kwamba tu hakuna mtu wa kukiwekea saini. Na kumbuka ile namba ni ya nyumba moja. Mtaalamu alisema hata maji yakifika pale yangekuwa ya sentimita chache tu, yasiyo na nguvu ya kuvunja. Sawa. Ila mafuriko hayawezi kufika kwenye nyumba yake bila kufika Huaraz, wakati yanaweza kabisa kufika Huaraz bila kugusa nyumba yake, kwa hiyo uwezekano wa mji kupigwa hauwezi kuwa mdogo kuliko huo, unaweza kuwa sawa au mkubwa zaidi. Kuna watu takriban 50,000 kwenye eneo linaloweza kufikiwa. Mahakama haikuulizwa habari zao na haikuwa kazi yake kuwajibia, sheria ya mali ya Ujerumani inamlinda mwenye mali anayedai, basi.

Halafu kuna hesabu nyingine ambayo hata wanaoogopa maziwa hawaipigi. Tuseme kuna maziwa 100, kila moja lina 1% kwa miaka 30, na hayahusiani. Uwezekano wa angalau moja kupasuka ndani ya muda huo ni kama 63%. Kwa hiyo mtaalamu anaweza kusema kweli kabisa kwamba ziwa hili hapa halitegemewi kupasuka, akasema hivyo kwa kila ziwa kwenye safu nzima, na bado safu ikatoa msiba. Anayeishi chini ya ziwa moja anaona namba ndogo, anayepanga bajeti ya maafa ya nchi anaona karibu uhakika, na wote wako sahihi.

Sasa upande wa pili una hoja, na sitaki kuupita haraka. Wanasema hofu nayo ina gharama, na wana mfano mzuri, tena ni Palcacocha lile lile. Aprili 2003 NASA walitoa picha ya setilaiti wakasema kuna ufa kwenye barafu juu ya ziwa na pande linaweza kudondoka. Mji ukaingia kiwewe, watalii wakakimbia wakati wa Pasaka, na ule ufa haukuwa kitu. Kinachochekesha, kama mtu anaweza kucheka, ni kwamba mwezi mmoja kabla, Machi 2003, ubavu wa moreni ulikuwa umeporomoka kweli ndani ya ziwa, maji yakamwagika kidogo na kuharibu huduma ya maji ya mji, na hilo hakuna setilaiti iliyolitangaza kabla. Hoja yao nyingine ina uzito zaidi. Utafiti wa Himalaya uliotoka 2019 ulipekua picha za miaka mingi ukakuta mafuriko ya maziwa ya moreni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yamekaa kwenye wastani wa kama 1.3 kwa mwaka, hayajaongezeka wazi, pamoja na kwamba maziwa yenyewe yamekua sana. Duniani kote ujazo wa maziwa haya uliongezeka kwa karibu 48% kati ya 1990 na 2018. Na ukiangalia rekodi ya vifo, zaidi ya 12,000 vilivyoorodheshwa, 88% vinatokana na matukio mawili tu, Huaraz 1941 na Kedarnath, kaskazini mwa India, 2013. Kwa hiyo wanasema matukio mengi hayaui mtu, acheni kupiga mayowe kila bwawa la maji linapoonekana kwenye picha.

Nakubali takwimu zote hizo, ila naona zinaelekea upande mwingine. Kama vifo vyote karibu vinatoka kwenye matukio mawili, basi wastani hauna maana hapa, wastani ni kitu cha mambo yanayojirudia. Huwezi kukadiria hatari kwa kuhesabu mara ngapi imetokea wakati ile moja inayoua ni tofauti na zile mia zisizoua. Pia kuhesabu yaliyopita kunadhani mlima umesimama pale pale, na mlima haujasimama. Barafu inaporudi nyuma ziwa linakua kuelekea kwenye miamba mikali, yaani maji yanasogea chini ya kitu cha kudondoka, na miamba ya juu ambayo ilishikwa pamoja na barafu iliyoganda ndani ya nyufa zake kwa maelfu ya miaka inaanza kulegea. Hapa ndipo upande wa Lliuya ulipomkosoa mtaalamu wa mahakama, kwamba hakuzipa nafasi ya kutosha poromoko za miamba na kuyeyuka kwa ardhi iliyoganda. Mi naona ukosoaji huo ulikuwa na msingi, na sisemi hivyo kwa huruma. Peru wenyewe wana Ziwa 513. Baada ya kulishusha kama mita 20 kwa mahandaki miaka ya 1990 kulibaki ukingo wa mwamba mgumu wa mita 19 juu ya maji, watu wakahesabu kazi imekwisha. Aprili 11, 2010 mwamba na barafu vikaporomoka kutoka mlima Hualcán, wimbi likauruka ukingo wote wa mita 19, tope likashuka mpaka mji wa Carhuaz. Hakufa mtu, na ni kwa sababu ziwa lilikuwa limeshushwa, lingekuwa limejaa tungekuwa na tarehe nyingine ya kuomboleza. Funzo la wahandisi ni zuri, walifanya kazi nzuri na bado wimbi lilipita, maana hatari ilikuwa mlimani juu, ziwa lilikuwa kituo tu cha njiani.

Ndio maana orodha za "maziwa hatari" zinanipa shida. Mwaka 2020 ICIMOD, kituo cha utafiti wa milima ya Himalaya, na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa orodha ya maziwa 47 kwenye mabonde ya mito ya Nepal, 25 upande wa Tibet, 21 Nepal, moja India. Kazi nzuri, inasaidia kujua uanzie wapi kupanda na vifaa. Lakini magazeti yakaichukua kama orodha ya yatakayopasuka, na ambalo halimo likahesabiwa limepata cheti. Agosti 16, 2024 kijiji cha Thame, karibu na Everest, kikapigwa na mafuriko yaliyotokana na viziwa vidogo vilivyo juu yake ambavyo havikuwa kwenye orodha hiyo, nyumba zikaenda, shule ikaenda, zahanati ikaenda. Ilikuwa mchana na hakuna aliyekufa, ingekuwa usiku sijui. Chorabari, ziwa lililomwagikia Kedarnath, lilikuwa dogo vile vile, linajazwa na theluji na mvua, mvua ya Juni 2013 ikalizidi. Julai 2025 daraja la urafiki pale Rasuwagadhi mpakani mwa Nepal na China lilifagiliwa na maji yaliyotoka kwenye ziwa lililojikusanya juu ya mgongo wa barafu upande wa Tibet, ziwa la aina inayotokea na kupotea kiasi kwamba orodha ya miaka mitano iliyopita haiwezi kulijua. Na Chamoli, jimbo la Uttarakhand kule India, Februari 2021, siku ya kwanza vyombo vyote vya habari vilisema ziwa la barafu limepasuka, kumbe hapakuwa na ziwa lolote, ni mwamba na barafu vya takriban mita za ujazo milioni 27 vilivyoachia kutoka kilele cha Ronti, vikasagika njiani vikawa mafuriko, zaidi ya watu 200 wakafa au kupotea, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa miradi ya umeme. Hata ungekuwa umepima kila ziwa la Uttarakhand ungeikosa hiyo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa sana kwenye simu, ni ile inayosema kwa kuwa South Lhonak lilijulikana na bado likaua, basi tathmini zote ni kazi bure. Tuangalie vizuri. Ziwa hili la Sikkim, India, lilitajwa kwenye tafiti kwa miaka mingi, 2016 walipeleka mabomba ya kunyonya maji, 2021 ukatoka utafiti uliolifanyia modeli kabisa. Usiku wa Oktoba 3 kuamkia 4, 2023 ubavu wa moreni ulioganda, karibu mita za ujazo milioni 15, uliteleza ndani, ukanyanyua wimbi la kama mita 20, ukuta ukachimbika, maji kama milioni 50 yakatoka. Bwawa la Teesta III pale Chungthang, mradi wa megawati 1,200, likabebwa. Watu 55 wakathibitika kufa na zaidi ya 70 wakapotea. Sasa niambie, hapo kilichoshindwa ni tathmini? Tathmini ilitaja ziwa kwa jina! Kilichokosekana ni kitu kati ya karatasi na bonde. Vifaa vya kwanza vya ufuatiliaji vilikuwa vimefungwa pale wiki chache tu kabla, mfumo wa king'ora haukuwa umekamilika, na bwawa kubwa lilikuwa limeshajengwa njiani kabla hata ya hesabu hizo kufanyika, likageuka kuwa mzigo mwingine wa maji na zege wa kuwashukia walio chini. Kulaumu waliopima ni kumlaumu aliyeandika barua kwa sababu haikufunguliwa.

Kwa haraka niseme na ile namba ya watu milioni 15, maana inanikera. Utafiti wa 2023 ulihesabu watu wanaoishi ndani ya kilomita 50 chini ya maziwa haya na karibu na mto, ukapata milioni 15, zaidi ya nusu yao India, Pakistan, Peru na China. Ni hesabu ya walio njiani. Watu wakaiandika kama watu milioni 15 wako karibu kusombwa. Waandishi wa utafiti wenyewe walisisitiza kwamba maziwa mengi au makubwa hayamaanishi hatari kubwa, kinachoamua sana ni wanaoishi chini na uwezo wao wa kujikinga, lakini sentensi hiyo haishei vizuri.

Namna ya kufanya inajulikana, mwongozo wa 2017 wa GAPHAZ, kundi la wanasayansi wa hatari za barafu na ardhi iliyoganda milimani, umeieleza: anza na nini kinaweza kudondoka na wapi, kisha ukuta utafanya nini, kisha chora matukio matatu, dogo, la kati na kubwa, uyashushe bondeni kwenye modeli uone yanafika wapi na kwa dakika ngapi. Hapo namba ya uwezekano inakuwa makadirio ya jumla tu, kubwa, wastani, ndogo, na hakuna anayejifanya anajua desimali. Naona huo ni uungwana wa kisayansi. Kinachompa meya wa mji kitu cha kufanyia kazi ni dakika na mstari kwenye ramani. Juneau, Alaska, wana ziwa linalozuiwa na barafu ya Mendenhall, hilo linajaa na kujimwaga karibu kila mwaka tangu 2011, kwa hiyo pale unaweza kweli kutumia takwimu. Agosti 2025 mto ulivunja rekodi na vizuizi walivyopanga mwaka ule vikaokoa nyumba nyingi. Watu wanauliza kwa nini Himalaya hawafanyi kama Juneau. Kwa sababu ziwa la moreni mara nyingi linapasuka mara moja, halikupi mazoezi.

Na king'ora nacho kinahitaji mwenyewe. Baada ya 2010 pale Ziwa 513 ulifungwa mfumo wa kisasa wa tahadhari, wa mfano. Mwishoni mwa 2016 kukiwa na ukame, wanakijiji wakaung'oa, wakiamini ile minara ndiyo inafukuza mvua. Ni rahisi kuwacheka, ila jiulize waliambiwa nini na nani kuhusu vyuma vilivyofungwa juu ya maji yao ya kunywa na kumwagilia, maana kwao ziwa ni maji ya shamba kwanza halafu ndio hatari. Tsho Rolpa kule Nepal walifunga ving'ora 1998, vita vikaja, hakuna wa kubadilisha betri, vikafa. Halafu Agosti 2025 kaskazini mwa Pakistan, bonde la Ghizer, wachungaji waliokuwa malishoni juu waliliona tope usiku wakapiga simu kijijini, mamia wakatoka kabla halijafika. Hakukuwa na mtambo wowote uliowaamsha.

Kwa hiyo nikisoma tathmini sasa, kabla ya asilimia natafuta imejibu swali la nani. La mwenye nyumba, la mwenye bima, la kampuni inayotaka kibali cha bwawa la umeme, au la mji. Kampuni ya umeme inahesabu miaka 30 ya kurudisha mkopo, na kwa hesabu yake 1% inavumilika, bima ipo. Mwanamke anayepanga chumba kando ya mto Quilcay hana hesabu hiyo, na kibali cha nyumba aliyopanga kilitolewa na mtu ambaye ramani ya mafuriko alikuwa nayo mezani. Miradi ya umeme inaendelea kupanda juu mabondeni Himalaya, kila mmoja una ripoti yake, na ripoti inaishia kwenye mpaka wa mradi. Ya Tibet haimfikii wa Rasuwa. Ikiwa India, Nepal na China hawapeani hata simu ya dakika kumi ziwa linapoanza kumwagika, basi ubishi wetu kama ni 1% au 3% ni wa watu walio na nafasi ya kubishana.